Shahada ya Teolojia ni Deni kwa Maskini



Kila mwaka majimbo yetu na mashirika ya kitawa hukaa na kuamua nani apelekwe kusoma zaidi. Padre kijana au mtawa huaga parokia, hufunga vitabu vyake na kwenda Nairobi, Roma, Louvain au Marekani. Baada ya miaka kadhaa hurudi na shahada ya uzamili au ya udaktari, na waamini humpokea kwa vigelegele. Furaha hiyo ni ya haki, maana ukoo humfurahia mwana aliyesoma. Lakini lipo swali ambalo ni nadra kuulizwa, si siku ya kuaga wala siku ya kupokea: huyu ndugu yetu alitumwa akatafute jibu la swali gani, na swali hilo lilikuwa la nani?

Tunalileta swali hili katika kijarida cha Haki na Amani kwa sababu linahusu haki. Elimu ya juu hulipiwa kwa zaka na mavuno ya waamini, au kwa ufadhili ulioombwa ng'ambo kwa jina la waamini hao hao. Kilichopatikana kwa jina la maskini hakiwezi kuwa mali ya mtu mmoja. Wahenga walisema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Katika toleo hili tunapenda kulitazama tawi moja la elimu ya Kanisa ambalo linadaiwa amali kuliko mengine, nalo ni teolojia ya kichungaji, ambayo wengine huiita teolojia tumizi.

Elimu hii ni ipi?

Utaratibu wa masomo ya Kanisa uliwekwa na Katiba ya Kitume Sapientia Christiana ya mwaka 1979, ukahuishwa na Veritatis Gaudium ya mwaka 2017. Ngazi ya kwanza humpatia mwanafunzi msingi mpana wa Maandiko Matakatifu, mafundisho ya imani, maadili, historia na sheria za Kanisa. Ngazi ya pili, ya miaka miwili, ni lisensia, yaani shahada ya uzamili ya Kikanisa, ambapo mwanafunzi huchagua fani moja na kuizamia. Ngazi ya tatu ni udaktari, nayo humtaka mwanafunzi aandike tasnifu yenye mchango mpya.

Wapo wanaodhani kwamba kuchagua teolojia ya kichungaji ni kuchagua njia rahisi; kwamba fani hii ni mafunzo ya kuendesha ibada, kujaza vitabu vya ubatizo na kupanga ratiba ya vigango. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliikataa dhana hiyo katika waraka wake Pastores Dabo Vobis wa mwaka 1992. Alifundisha kwamba teolojia ya kichungaji ni elimu kamili yenye njia yake ya uchunguzi. Hulitazama Kanisa linavyoishi na kukua kila siku katika historia, na hupima maisha hayo kwa mwanga wa imani.

Njia yake ina mizizi katika maisha ya wafanyakazi. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha harakati ya Vijana Wakristo Wafanyakazi katika miaka ya 1920, aliwafundisha vijana wa viwandani hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Mtakatifu Yohane wa Ishirini na Tatu aliziingiza hatua hizo katika waraka Mater et Magistra wa mwaka 1961, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ukalikumbusha Kanisa zima wajibu wa kusoma alama za nyakati. Mwaka 1980 Joe Holland na Padre Peter Henriot, Mjesuiti, waliipanua njia hiyo na kuiita mzunguko wa kichungaji. Mtu huanza kwa kuingia katika maisha ya watu. Kisha huchambua chanzo cha hali yao katika historia, uchumi, siasa na mila. Kisha hutafakari kwa mwanga wa Maandiko na mafundisho ya Kanisa. Mwishowe hupanga utekelezaji. Utekelezaji huo huzaa hali mpya, na mzunguko huanza tena.

Atakayeona kwamba njia hii ni uzushi wa siku hizi na asome sura ya tatu ya Kitabu cha Kutoka. Mungu aliyaona mateso ya watu wake Misri, akasikia kilio chao, akayajua maumivu yao, akashuka kuwaokoa, akamtuma Musa. Musa hakutumwa kwa Farao kabla Mungu hajaona na kusikia.

Macho mekundu ya wazee wetu

Ili msomaji aone jinsi elimu hii inavyogusa uhai wa mtu, tuchukue jambo moja lenye uchungu. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na magharibi mwa Tanzania, hasa Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mara nyingi ushahidi uliotajwa ni kwamba bibi ana macho mekundu.

Mhubiri anaweza kupanda altareni akasema kwamba kuua ni dhambi na kwamba imani za kichawi ni giza. Atakuwa amesema kweli, na mauaji yataendelea. Mtu aliyefunzwa kuchambua atauliza zaidi. Kwa nini macho ya bibi ni mekundu? Kwa sababu amepika kwa miaka arobaini au hamsini ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutosha, akiwasha mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Kwa nini kinyesi badala ya kuni? Kwa sababu sehemu kubwa ya miti ya Usukuma ilifyekwa, kwanza wakati wa ukoloni ili kuwaangamiza mbung'o, na baadaye ili kupanua mashamba, hasa ya pamba. Hali ya Shinyanga ilifikia mahali ambapo serikali, mwaka 1986, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wananchi wakahimizwa kurudia desturi yao ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na miti lisiguswe kwa msimu. Basi wekundu wa macho ya bibi una historia, na historia hiyo haina uchawi ndani yake.

Mchambuzi ataendelea kuuliza. Nani hufaidika bibi akifa? Mara nyingine ni ndugu wa marehemu mumewe wanaolitaka shamba. Nani huanza kumtaja? Mara nyingine ni mganga mpiga ramli, ambaye hulipwa ili aeleze kifo cha mtoto kimeletwa na nani. Sheria inasema nini? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, lakini mjane asiyejua sheria hiyo, wala njia ya kufika baraza la ardhi, ni kana kwamba haipo.

Hapo ndipo huja hatua ya tatu, iliyo ya teolojia hasa. Mama aliyefiwa na watoto watatu haulizi tu ni ugonjwa gani uliowaua. Anauliza kwa nini ni wa kwake, na ni nani aliyemtenda hivyo. Zahanati inaweza kumjibu kuhusu malaria. Swali la pili hubaki mikononi mwake, na Kanisa lisipolijibu, mpiga ramli atalijibu. Je, mahubiri yetu ya mazishi yanasema nini juu ya swali hilo? Je, tunamhubiri Kristo aliyeshinda nguvu za giza, aliyemkataza mfuasi wake asimtafute mwenye dhambi nyuma ya upofu wa mtu aliyezaliwa kipofu? Au tunasoma sala kwa haraka na kuwaacha wafiwa warudi nyumbani na hofu yao? Hapa anahitajika mtu anayejua Maandiko kwa kina, anayeijua lugha na mila ya mahali, anayeelewa sosholojia na sheria, na aliyepewa muda wa kukaa na kusikiliza. Hakuna anayeyapata yote hayo kwa semina ya siku tatu, na hiyo ndiyo hoja yetu ya kutaka elimu ya juu.

Na utekelezaji utafuata uchambuzi. Jumuiya ndogo ndogo zitapanga zamu za kuwatembelea wajane wanaoishi peke yao, ili adui ajue kwamba bibi huyu ana watu. Parokia itafundisha kutengeneza majiko sanifu na kupanda miti. Makatekista watafunzwa upya kuongoza ibada ya mazishi. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, watawasaidia wazee kuandika wosia. Mashahidi wa mauaji watasindikizwa mahakamani wasisimame peke yao.

Hazina tuliyo nayo

Hatuanzi na mikono mitupu. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki waliona haja hii mapema. Taasisi ya Kichungaji ya AMECEA ilianza Gaba, Uganda, katika miaka ya 1960, ikahamia Eldoret, Kenya, mwaka 1976, na imewafunza mapadre, watawa na walei wa nchi nyingi. Chuo cha juu cha Kanisa kilichofunguliwa Lang'ata, Nairobi, mwaka 1984, na kuzinduliwa rasmi na Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili mwaka 1985, kilipata hati ya chuo kikuu mwaka 1992 na kuwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika ya Mashariki. Tangaza nayo ilianzisha katika miaka ya 1990 taasisi ya utume wa kijamii. Huko Lusaka, Zambia, Kituo cha Wajesuiti cha Tafakari ya Kiteolojia, kilichoanzishwa mwaka 1988, hutoa orodha ya bei za mahitaji ya msingi ya familia kila mwezi, kuanzia unga wa mahindi, na kuilinganisha na mishahara. Wanateolojia wanakwenda sokoni na kalamu, na takwimu zao zimewasaidia wafanyakazi na wanaharakati kudai ujira wa haki. Hiyo nayo ni teolojia.

Tunao pia watu wa kuigwa. Padre Jean-Marc Ela wa Kamerun alisoma hadi udaktari Strasbourg, Ufaransa, kisha akaenda kuishi miaka mingi na wakulima wa Tokombéré, kaskazini mwa nchi yake. Vitabu vyake vilizaliwa na maghala matupu ya mtama ya wakulima hao. Ukweli aliousema ulimgharimu: mwaka 1995 alilazimika kwenda uhamishoni Kanada, na huko ndiko alikofariki mwaka 2008. Padre Laurenti Magesa wa Jimbo la Musoma, aliyefariki mwaka 2022, aliandika vitabu vilivyosomwa ulimwenguni kote huku akizifahamu parokia za vijijini za jimbo lake. Mapadre Donald Sybertz na Joseph Healey wa shirika la Maryknoll waliokota methali na hadithi za Wasukuma kwa miaka mingi wakishirikiana na Wasukuma wenyewe, na mwaka 1996 wakatoa Nairobi kitabu cha teolojia simulizi ya Kiafrika kilichojengwa juu yake. Hawa wote walisoma sana, na hakuna aliyewaacha watu nyuma yake.

Pale njia inapopotea

Hata hivyo, tusijidanganye. Ziko tasnifu nyingi juu ya watu wetu zilizoandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiitaliano, zikatetewa mbele ya maprofesa, zikapata alama nzuri, na sasa zimelala katika rafu ambazo mjane wa Shinyanga hataziona. Mtafiti alikuja na madodoso, akanywa maji ya kisima chao, akaondoka na maneno yao, na hakurudi. Tukiona kampuni inachimba dhahabu na kuwaachia wanakijiji mashimo, tunapaza sauti. Basi tuwe waangalifu tusichimbe maneno ya maskini kwa namna hiyo hiyo.

Tena, yapo masomo yanayotolewa kama zawadi ya utii au kama njia ya kumwondoa mtu mahali alipo na mgogoro. Na yapo yanayochaguliwa kwa kufuata nafasi ya ufadhili: fedha zikija kwa ajili ya fani fulani, mtu hutafutwa wa kuzijaza. Sheria ya Kanisa ina kipimo kingine. Kanuni ya 819 inawataka maaskofu na wakuu wa mashirika wawapeleke katika vyuo vya Kanisa vijana, makleri na watawa wenye tabia njema, fadhila na vipaji, kadiri manufaa ya jimbo, ya shirika au ya Kanisa zima yanavyodai. Manufaa ya jimbo ndiyo yanayotaja jina la mwanafunzi.

Tunazisikia hoja za upande wa pili, nazo ni za kweli. Mapadre ni wachache. Parokia moja ina vigango ishirini, na kumtoa padre mmoja ni kuwanyima watu Misa. Wengine husema Kanisa linahitaji watakatifu kuliko madaktari wa teolojia. Lakini Mtakatifu Teresa wa Avila, ambaye hakuna anayemshuku kwa kupenda makuu, alisisitiza umuhimu wa kupata waungamishi wenye elimu, kwa kuwa alikuwa ameona madhara ya ushauri wa wasiojua. Uchache wa mapadre unatufundisha kuwatuma wachache kwa uangalifu, na kutowasahau wale ambao si mapadre.

Mapendekezo yetu

Kwanza, swali litangulie jina. Kabla ya kuamua nani asome, jimbo liziulize jumuiya ndogo ndogo, makatekista na halmashauri za walei: ni jambo gani linalowaumiza ambalo hatujaweza kulijibu? Huenda ni ardhi, huenda ni ndoa, huenda ni vijana wanaohamia madhehebu mengine, huenda ni watoto wanaotumikishwa majumbani. Orodha hiyo iwekwe mezani mwa askofu, ndipo atafutwe mtu.

Pili, mlango ufunguliwe kwa walei na kwa watawa wa kike. Kanuni ya 229 inawatambulia walei haki ya kusoma katika vyuo vikuu vya Kanisa na kupata shahada zake. Mambo mengi ambayo mjane hatamwambia padre atamwambia mwanamke mwenzake. Jimbo linalosomesha mapadre peke yao husikia kwa sikio moja.

Tatu, tasnifu irudi nyumbani. Kila anayesomeshwa na Kanisa mahalia aandike muhtasari wa Kiswahili, wa kurasa chache zinazosomeka, na ausome mbele ya watu aliowahoji kabla ya kuukabidhi jimboni. Wao wenyewe wamwambie alipowaelewa na alipowakosea. Kiswahili kimebeba katekisimu, Misa na sheria za nchi. Hakitashindwa kubeba teolojia.

Nne, watu walindwe. Mtafiti anayetaja jina la bibi anayeshukiwa, au kijiji chake kwa namna inayomtambulisha, anaweza kumwua kwa kalamu. Maneno ya mtu aliye hatarini yatunzwe kwa uangalifu unaokaribia ule wa kitubio, na idhini yake iombwe kwa lugha anayoielewa.

Tano, anayerudi apewe kazi inayolingana na alichosomea. Ni hasara kumsomesha mtu miaka minne juu ya haki ya ardhi kisha kumkabidhi funguo za ghala la jimbo. Afundishe katika seminari na vyuo vya makatekista, aishauri Tume ya Haki na Amani, lakini abaki pia na kigango kimoja mikononi mwake, asije akasahau harufu ya moshi wa jikoni.

Mapendekezo haya hayahitaji ofisi mpya wala mfadhili mpya. Yanahitaji uamuzi. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya kitume ya Novemba 1, 2023 juu ya kuikuza teolojia, aliwataka wanateolojia waanze kutoka katika mazingira na hali halisi ambamo watu wanaishi. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ilikuwa imekwisha kutupatia sura ya Kanisa kama Familia ya Mungu. Katika familia, mtoto aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa ukoo anajua kwamba siku moja ukoo utamwuliza amerudi na nini, na haoni haya kuulizwa.

Basi mwaka huu, jina la mwanafunzi wa jimbo litakapotangazwa kanisani kwenu, msiishie kupiga makofi. Mwombeeni, mchangieni, kisha mmoja wenu asimame kwa heshima na aulize amekwenda na swali gani, na ni lini atarudi kutueleza jibu. Nao viongozi wetu na walipokee swali hilo kama haki ya waamini, kwa maana wapo wazee wanaolala usiku huu mlango ukiwa umeegemezwa gogo, wakingoja Kanisa lao lipate neno la kusema.